Njia nne za kuachana na hukumu ya zamani Marekani: ipi inamfaa raia, ipi inamfaa mwenye grini kadi

Tuchukue watu wawili waliopatikana na hatia ya kosa moja, wizi mdogo wa dukani, siku moja, mbele ya hakimu mmoja wa Pennsylvania. Mmoja alizaliwa huko huko. Mwingine aliingia kama mkimbizi na sasa ana grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia. Wote wawili wametulia, hawajarudia kosa, na miaka saba baadaye jimbo linafunika rekodi zao bila hata kuwaandikia barua. Wa kwanza anaomba kazi ya ghala, anaulizwa kama amewahi kuhukumiwa, anajibu hapana, na sheria ya jimbo inamlinda. Wa pili anajaza fomu ya kuomba uraia, anakuta swali linalofanana na lile, naye anajibu hapana. Jibu hilo linaweza kumponza kuliko wizi wenyewe.

Hapo ndipo ulinganisho huu unapoanzia. Tangu 2018 majimbo mengi ya Marekani yamebadili sheria zake kuhusu rekodi za jinai. Pennsylvania ilitangulia mwaka huo kwa sheria iitwayo Clean Slate. Utah ikafuata 2019, Michigan 2020, New York na Minnesota 2023. Zamani mtu alilazimika kutafuta wakili, kulipa ada na kumwomba hakimu. Sasa katika majimbo hayo kompyuta za serikali ndizo zinazopekua mafaili na kufunika hukumu za zamani, mwenyewe akiwa amelala. Ni jambo jema, na naliunga mkono kwa moyo wote. Mtu aliyeteleza akiwa na miaka 20 hastahili kuulizwa habari hiyo hiyo akiwa na miaka 45 kila anapotafuta chumba cha kupanga. Ila sheria hizi ni za majimbo, na uhamiaji ni wa serikali ya shirikisho. Upande mmoja umelegeza kamba, upande wa pili haujasogea hata hatua moja.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, jiulize mambo matatu, na kwa mpangilio huu: je, mimi ni raia? Je, nina haraka kiasi gani? Kosa langu ni la aina gani? Wengi huanza na la tatu. Naomba uanze na la kwanza.

Maneno manne yasiyofanana

Watu hutumia neno "kusafisha rekodi" kwa kila kitu, na hapo ndipo wanapopotea. Kuna kufunika: hukumu inabaki, lakini mwajiri na mwenye nyumba hawaioni tena. Kuna kufuta: faili linaondolewa, wakati mwingine linaharibiwa kabisa. Kuna kutengua: mahakama inasema hukumu ile ilikuwa na kasoro ya kisheria, kwa hiyo haikupaswa kuwapo. Na kuna kusamehewa na gavana: hatia inabaki katika historia, lakini mwenye mamlaka ya juu ya jimbo amekuondolea adhabu na aibu yake.

Kwa raia, mawili ya kwanza kwa kawaida yanatosha. Kwa asiye raia, mawili ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Ukikumbuka hilo tu, tayari umejikinga na hatari kubwa kuliko zote.

Njia ya kwanza: kungoja ifunikwe yenyewe

Faida yake iko wazi. Haigharimu kitu, haihitaji wakili, na inamfikia hata mtu asiyejua kwamba ipo. Wengi wenye haki ya kusafishiwa rekodi hawakuwahi kuomba, kwa sababu fomu ni ngumu, ada ni nzito na mahakama inatisha. Njia hii inawafikia watu hao hao, na hiyo ndiyo maana yake.

Muda wa kungoja unatofautiana sana kati ya jimbo na jimbo. Pennsylvania ilianza kufunika Juni 2019. Desemba 2023 sheria ikapanuliwa: makosa madogo mengi, yale yanayoitwa misdimina, sasa yanafunikwa baada ya miaka 7 badala ya 10, yale madogo zaidi, ya ngazi ya faini, baada ya miaka 5, na kwa mara ya kwanza baadhi ya feloni, yaani makosa makubwa, za dawa za kulevya zikaingia, baada ya miaka 10. Sharti ni kwamba usiwe umehukumiwa tena katika muda huo, na kama mahakama ilikuamuru kumlipa fidia uliyemdhuru, fidia hiyo iwe imelipwa.

Michigan ilianza kufunika kwa kompyuta tarehe 11 Aprili 2023. Misdimina husubiri miaka 7, feloni miaka 10. Zipo kofia, yaani ukomo wa idadi: feloni zisizozidi mbili na misdimina zisizozidi nne, ukiacha zile ndogo kabisa. Makosa ya kushambulia watu hayamo, wala yale ambayo adhabu yake inaweza kufika miaka 10 au zaidi.

Kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi, New York ni karimu kuliko hizo mbili: misdimina miaka 3, feloni miaka 8, zikihesabiwa tangu kutoka gerezani au tangu siku ya hukumu kama hukufungwa. Makosa ya kingono na feloni nzito kabisa, kama mauaji, hayaguswi. Lakini soma vizuri tarehe. Sheria ilianza kutumika 16 Novemba 2024, na mahakama zikapewa hadi miaka mitatu kukamilisha kazi, maana yake mpaka Novemba 2027. Mtu anaweza kuwa ametimiza masharti yote leo na bado rekodi yake ikaonekana kesho, bila yeyote kuwa amevunja sheria.

Minnesota imeanza Januari 2025, na misdimina za kawaida husubiri miaka miwili tu. Texas haina mfumo wa namna hii. Nitarudi kwake, kwa sababu ina mtego wake.

Sasa kasoro. Kompyuta hufunika inachokiona. Kama jina lako liliandikwa kwa herufi tofauti mara mbili (na majina yetu huandikwa vibaya kila siku), au tarehe ya kuzaliwa ilikosewa na karani, faili moja linaweza kufunikwa na jingine likabaki wazi. Hakuna atakayekupigia simu. Pia kampuni binafsi zinazouza taarifa za historia za watu hununua data ya mahakama kwa jumla na kuihifadhi. Hukumu iliyofunikwa na jimbo inaweza kuendelea kuishi kwenye hifadhi ya kampuni ambayo haijasasisha orodha zake. Sheria ya shirikisho inakupa haki ya kudai nakala ya ripoti iliyotumika kukunyima kazi na kupinga kilicho kibaya ndani yake, na kampuni inalazimika kuchunguza. Tumia haki hiyo. Wengi hukubali tu "samahani, nafasi imejaa" na kuondoka.

Njia ya pili: kwenda kuomba mwenyewe

Kuna wanaoniuliza, kwa nini mtu ajisumbue kuomba wakati kompyuta itafanya kazi bure? Jibu linategemea jimbo, na hapa Michigan na New York ziko pande mbili tofauti kabisa.

Michigan, kuomba ni haraka kuliko kungoja. Misdimina za kawaida unaweza kuziombea baada ya miaka 3, feloni moja baada ya miaka 5, na feloni zaidi ya moja baada ya miaka 7. Muda huo unaanza baada ya kumaliza kila kitu, pamoja na kifungo na probesheni, yaani kuishi nje chini ya uangalizi wa mahakama. Linganisha na 7 na 10 za kompyuta. Kwa mtu ambaye mwajiri anamsubiri sasa, hiyo ni miaka mitatu hadi mitano ya maisha. Kofia nayo ni pana zaidi: hadi feloni tatu, na misdimina bila hesabu. Tena kuna makosa ambayo kompyuta haiyagusi kabisa lakini hakimu anaweza kuyaondoa. Mfano unaowahusu wengi ni kuendesha gari ukiwa umelewa: tangu Februari 2022 kosa la kwanza la aina hiyo Michigan linaweza kuondolewa, lakini kwa maombi tu. Ukingoja lijiondoe, utangoja milele.

Kazi yake ni ya kuhangaika kidogo. Unachukua alama za vidole, nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, unalipa dola 50 kwa polisi wa jimbo, unapeleka nakala kwa mwendesha mashtaka na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kisha unasimama mbele ya hakimu. Hakimu anaweza kukataa. Mwendesha mashtaka anaweza kupinga. Aliyedhurika na kosa lako anaweza kuja kusema maneno yake, na ana haki hiyo. Nenda na ushahidi wa maisha yako ya sasa: barua ya mwajiri, vyeti vya masomo, risiti za fidia uliyolipa. Hakimu anapima kama umebadilika, na njia ya kumwonyesha ni karatasi.

New York ni kinyume chake. Njia ya zamani ya kuomba, iliyoanza Oktoba 2017, inadai miaka 10 na inakubali hukumu mbili tu, moja pekee ikiwa feloni. Kwa mwenye feloni moja ya miaka 9 iliyopita, sheria mpya inamfaa kuliko ya zamani. Kwa aliyetimiza miaka 10 na anahitaji rekodi ifunikwe mwezi huu, ombi bado linaweza kumtangulia kuliko kungoja mahakama zimalize kazi yao 2027. Pennsylvania iko katikati: mengi yanajiendesha, lakini baadhi ya feloni za mali, kama wizi, hazifunikwi bila ombi, na lazima miaka 10 ipite.

Kwa raia, basi, ushauri wangu ni huu. Kama huna haraka na kosa lako limo kwenye orodha, ngoja, lakini siku muda ukitimia nenda masjala ya mahakama ukahakikishe. Kama kazi, leseni au nyumba inakusubiri, omba. Kama kosa lako halimo kwenye orodha ya kompyuta, usipoteze hata mwaka mmoja kungoja.

Niguse jambo moja: kufunikwa hakumfungii macho kila mtu. Polisi wanaona, mahakama zinaona, na kazi za kulea watoto, wazee au wagonjwa mara nyingi zina ruhusa ya kuona. Dada zetu wengi wanafanya kazi katika nyumba za wazee. Kabla ya kuandika hapana kwenye fomu ya kazi hiyo, uliza fomu hiyo inaendeshwa na sheria ipi.

Kwa nini asiye raia asimame hapa kwanza

Mwaka 1996 bunge la Marekani liliandika maana yake lenyewe ya neno hukumu kwa ajili ya uhamiaji. Kwa lugha ya kawaida ni hivi: kama ulikiri kosa, na hakimu akakuwekea adhabu au mpaka wowote juu ya uhuru wako, hata kama ni probesheni, basi umehukumiwa. Jimbo linaiitaje si hoja. Miaka mitatu baadaye, 1999, baraza la rufaa za uhamiaji likaamua kwamba rekodi ikifutwa na jimbo kwa huruma, kwa kuwa mtu ametulia au amemaliza mafunzo, mbele ya uhamiaji hukumu bado ipo.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa mwajiri umepoa. Kwa afisa wa uhamiaji kovu linaonekana kama la jana, kwa sababu alama za vidole ulizochukuliwa siku ya kukamatwa zinaweza kuwa bado zimo kwenye hifadhi ya shirikisho, na zinapekuliwa unapoomba uraia, unapohuisha grini kadi, na unaporudi kutoka safari.

Safari ndiyo inayoniuma zaidi. Msiba umetokea nyumbani, mtu ananunua tiketi usiku huo huo, anazika, anarudi. Uwanja wa ndege anaambiwa asubiri pembeni. Mwenye grini kadi aliyehukumiwa kwa makosa fulani, yakiwemo karibu yote ya dawa za kulevya, anaweza kuchukuliwa anaporudi kama mtu anayeomba kuingia upya, na hapo masharti ni makali kuliko angebaki ndani ya nchi. Bangi ni mfano mchungu. Majimbo mengi yameihalalisha, Minnesota ikiwemo tangu Agosti 2023, na hukumu nyingi za zamani za bangi zimefutwa. Sheria ya shirikisho bado inaihesabu kuwa dawa iliyokatazwa. Ipo nafuu ndogo: kupatikana mara moja tu na gramu 30 au chini kwa matumizi yako mwenyewe hakukufukuzishi ukiwa ndani. Lakini nafuu hiyo haikufuati uwanja wa ndege.

Na ule mtego wa Texas. Huko hakimu anaweza kukubali ukiri wako, asitangaze hatia, akakuweka chini ya uangalizi kwa muda. Ukimaliza vizuri, kesi inatupiliwa mbali. Jimbo linakuambia huna hukumu. Unaweza hata kuomba amri ya kuificha kesi. Ndugu zetu wengi hutoka mahakamani wakimshukuru Mungu. Lakini walikiri, na waliwekewa mipaka. Vipande viwili vya ile maana ya 1996 vimetimia. Uhamiaji unaona hukumu. Laiti wangepewa mpango wa mafunzo ambao haudai kukiri kosa, matokeo yangekuwa tofauti kabisa, kwa sababu bila ukiri na bila hakimu kukuta hatia hakuna hukumu ya kuhesabu. Neno moja lililotamkwa au kutotamkwa mbele ya hakimu linaweza kuamua kama mtu atalea watoto wake hapa au atawapigia simu kutoka mbali.

Kuna badiliko moja la sheria za majimbo ambalo kweli liliandikwa kwa kumfikiria asiye raia, na halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya uhamiaji inaweka mstari kwenye mwaka mmoja. Hukumu ya wizi au ya vurugu yenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, hata kikiwa kifungo cha nje, inaingia kundi baya kuliko yote, ambalo karibu linaziba kila mlango wa utetezi. Kwa hiyo Washington mwaka 2011, California kuanzia 2015, New York 2019 na Minnesota 2023 zikapunguza siku moja: misdimina zilizoweza kufika siku 365 sasa mwisho wake ni 364. Siku moja tu. Kwa kesi za leo, siku hiyo inaokoa familia. Kwa kesi za zamani, baadhi ya majimbo yalitaka nafuu irudi nyuma, lakini mwaka 2018 baraza la rufaa za uhamiaji lilikataa kuitambua California iliporudisha nyuma. Mwenye hukumu ya zamani ya mwaka mmoja asidhani sheria mpya imemfikia. Anahitaji wakili aangalie kama kifungo chenyewe kinaweza kurekebishwa kwa sababu za kisheria.

Njia ya tatu: kutengua hukumu

Hii ndiyo njia ngumu, ya gharama, na kwa asiye raia mara nyingi ndiyo pekee yenye maana. Tangu 2003 msimamo wa baraza la rufaa za uhamiaji umekuwa huu: kama mahakama ya jimbo imetengua hukumu kwa sababu ya kasoro katika kesi yenyewe, uhamiaji hauihesabu tena. Ikiwa imetenguliwa kwa huruma tu, au ili mtu asifukuzwe, inahesabiwa. Kwa hiyo maneno yaliyomo kwenye amri ya hakimu yana uzito kuliko matokeo yake. Amri isiyotaja kasoro ni karatasi tupu mbele ya afisa.

Kasoro ya kawaida ni wakili aliyemshauri mteja vibaya. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa amekaa nchini kihalali zaidi ya miaka 40 na kulitumikia jeshi katika vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori lake. Wakili wake alimwambia asihangaike na uhamiaji kwa kuwa amekaa muda mrefu. Akakiri. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba uamuzi huo hauzirudii hukumu zilizokamilika kabla ya 2010. Tarehe ya hukumu yako, basi, ni swali la kwanza wakili atakalokuuliza.

California imekwenda mbali zaidi. Tangu 2017 mtu aliyemaliza adhabu anaweza kuomba hukumu itenguliwe kwa kuonyesha kwamba hakuelewa madhara yake ya uhamiaji alipokiri. Kwa watu wetu kuna hoja ambayo mawakili wachache huifikiria: mkalimani. Mtu aliyetafsiriwa kwa Kiswahili cha pwani huku yeye akizungumza Kinyarwanda au Kibembe na akijua Kiswahili cha sokoni tu, alielewa nini hasa aliposema ndiyo? Kama ilikuwa hivyo kwako, mwambie wakili. Kumbukumbu za mahakama huonyesha ni lugha gani iliyotumika.

Njia ya nne: msamaha wa gavana

Njia hii nitaipitia haraka kwa raia, kwa sababu kwa wengi wao ya kwanza na ya pili zinatosha. Kwa mwenye grini kadi ina nguvu ya pekee: sheria ya uhamiaji yenyewe inasema msamaha kamili, usio na masharti, wa rais au gavana unaondoa sababu kadhaa za kufukuzwa, zikiwemo makosa ya uovu wa kimaadili kama wizi, na hata lile kundi baya nililolitaja. Makosa ya dawa za kulevya hayamo. Mtu mwenye hukumu ya wizi na mwenye hukumu ya kokeini hawako sawa kabisa mbele ya mlango huu, na ni bora kulijua hilo kabla ya kungoja miaka miwili au mitatu kwenye foleni.

Minnesota imerahisisha. Zamani gavana, mwanasheria mkuu na jaji mkuu walilazimika kukubaliana wote watatu; sheria ya 2023 imeunda tume ya kupitia maombi, na sasa kura ya gavana pamoja na mmoja wa wale wawili inatosha. Pennsylvania haitozi ada kwa fomu ya msamaha, na anayesamehewa bila masharti rekodi yake hufutwa kabisa. Lakini hapo kuna hatari: ikifutwa kabisa, utapata wapi karatasi za kumwonyesha afisa wa uhamiaji?

Jinsi ningechagua

Kama kesi yako bado iko mahakamani, chaguo kubwa kuliko yote manne bado liko mkononi mwako, nalo ni kukiri au kutokiri, na kukiri nini. Mwambie wakili uliyepewa na mahakama, kwa maneno haya haya: mimi si raia, naomba uniandikie madhara ya uhamiaji ya ofa hii. Usione aibu. Mwendesha mashtaka anaweza kukubali kosa jingine dogo, au siku 364, au mpango usiodai ukiri, lakini hataongeza hilo mwenyewe kama hajaombwa.

Kama hukumu ni ya zamani na wewe ni raia, chagua kati ya kwanza na pili kwa hesabu ya miaka ya jimbo lako. Hakuna zaidi ya hapo.

Kama una grini kadi, usiombe uraia, usihuishe kadi, usitoke nchini, wala usiombe rekodi ifutwe kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji anayeelewa jinai, au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali katika shirika la msaada wa kisheria. Usimpelekee mjaza fomu wa mtaani. Kufunikiwa rekodi kunakusaidia kupata kazi, na hiyo ni haki yako kama ya mwingine yeyote. Ila jibu la fomu ya uraia linabaki ndiyo, daima, hata kama hakimu mwenyewe alikuambia kesi imekwisha. Fomu hiyo inauliza hadi kukamatwa ambako hakukuzaa mashtaka. Kosa dogo la miaka 12 iliyopita, lililotajwa kwa ukweli na kuambatanishwa na karatasi zake, mara nyingi linavukika. Kulificha kunahesabiwa kuwa uongo chini ya kiapo, na uongo huo ni wa leo.

Karatasi zenyewe ni tatu, na unaziomba masjala ya mahakama iliyokuhukumu: hati ya mashtaka, hati inayoonyesha jinsi kesi ilivyoishia na adhabu iliyotolewa, na uthibitisho kwamba umemaliza adhabu hiyo, iwe faini, kifungo au probesheni. Zote zigongwe muhuri wa kuthibitishwa. Nakala ya simu haikubaliki. Agiza seti mbili, moja umwachie ndugu unayemwamini. Nenda kabla muda wa kufunikwa haujatimia, maana baada ya hapo majimbo kadhaa bado yatakupa nakala, lakini kwa barua, kwa amri ya hakimu, kwa miezi. Ukiwa Minnesota na kosa lako ni misdimina ya mwaka jana, una takriban mwaka mmoja. Ukiwa New York na muda wako umeshapita, nenda wiki hii.